Dawa ya Kahawa Iliyopikwa Jikoni Kwangu

Mume wangu alikuwa mwanamume wa kwanza mlimani kwetu kupika mkojo wa mke wake. Kama yuko aliyemtangulia, basi alijificha vizuri kuliko yeye. Aliupika kila asubuhi kabla ya chai, amechuchumaa mbele ya mafiga, macho kwenye moshi, na ole wangu nimsemeshe kabla haujaiva. Na huyu ni mtu ambaye tangu anioe hakuwahi kuchemsha hata maji ya kunawa uso.

Hizo zilikuwa enzi za Mwingereza, zikielekea ukingoni. Tulikaa juu ya Usa River, kwenye shamba la migomba na kahawa alilogawiwa na baba yake, na mama mkwe alikaa upande wa pili wa mfereji, karibu kiasi cha kusikia nikikohoa.

Mimi kwetu ni Elerai, ni Mwarusha. Kwetu mwanamke akishika mimba hupunguziwa chakula, mtoto asije akanenepa akakataa kupita mlangoni. Yeyo wangu, mama yangu mzazi, alituzaa sote kwa uji mwepesi na maji, na hadi leo akisimulia hukasirika. Nilipoolewa Umeruni nikakuta mambo yamegeuzwa chini juu. Mama mkwe aliponiona tu nimeanza kutema mate, alivuka mfereji na bakuli la mtori wa ndizi na nyama, mzito wa kusimamisha kijiko. Kesho yake alileta maziwa yaliyopondewa ndizi mbivu na asali. Alisema mtoto wa watu ametoka kwenye njaa, na sasa amefika. Nilimpenda mama yule kuanzia siku hiyo, na nilikula kila alicholeta.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mkubwa. Mikono ilijaa, nywele zilishuka hadi shingoni, na hakulia. Mama mkwe ndiye aliyempokea, na ndiye aliyemfunga kwenye shuka. Mzee wa kanisa alikuja kunifariji, akaniambia Mungu amempenda zaidi. Nikamjibu kwamba Mungu anao wengi, huyu mmoja angeniachia. Mzee alimaliza chai yake akaenda zake, na sikumwomba radhi.

Mimba ya pili ilipofika, nilikuwa na kiu isiyo na adabu. Nilimaliza mtungi kabla jua halijapanda, nikaupeleka tena mferejini, na usiku mzima ni kwenda nyuma ya nyumba na kurudi. Halafu nikaona sisimizi. Mahali nilipochutama jana, leo wamejipanga kama waumini Jumapili. Nilimwonyesha mume wangu kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alisema tutashuka hospitali ya misheni, na mara hii hatutasubiri uchungu ndipo tutafute njia.

Pale hospitali palikuwa na sista mmoja wa Kizungu aliyejifunza Kiswahili kwenye Biblia, kwa hiyo hata akikuuliza umekula nini ulijisikia umetenda dhambi. Alichukua haja yangu ndogo, akaidondoshea kwenye kichupa chembamba chenye maji ya bluu, akakichemsha. Yale maji yakageuka. Yakawa kijani, yakawa manjano, yakatulia kwenye rangi ya tofali la kuchoma.

“Mama,” akasema, “tazama, ndani yako imo sukari nyingi.”

“Sista, sukari yangu nimeifungia kabatini na ufunguo ninao mimi. Huko imefikaje?”

Hakucheka hata kidogo. Alitukalisha wote wawili akatueleza polepole. Alisema mwili wa mama wengine ukibeba mimba hushindwa kuitumia sukari ya chakula, hata kama mama hagusi sukari ya dukani. Sukari hiyo humfikia mtoto, naye hunona kupita kiasi, na mtoto wa namna hiyo anaweza kufa tumboni au wakati wa kuzaliwa. Mimba ikishatoka, mara nyingi sukari nayo huondoka. Nikamuuliza kuhusu yule wa kwanza. Akaniangalia, akasema, “Huenda. Kuapa siwezi.” Tuliporudi kwenye maneno mengine nilikuwa sisikii vizuri, ila nilisikia kwamba huyu aliye tumboni bado anaweza kuokoka.

Masharti yakaja. Ndizi mbivu, hapana. Asali, hapana. Viazi vitamu, hapana. Chai, sawa, lakini iwe chungu. Mtori, kijiko hapa na pale. Nile mboga za majani, maharage kiasi, mayai, nyama ikipatikana, na maziwa yasiyotiwa kitu. Kila asubuhi mkojo uchemshwe nyumbani. Ukibaki bluu, tumshukuru Mungu. Ukiwa kijani, tuangalie sahani. Ukifika rangi ya chungwa au tofali, nishuke siku ileile, nilazwe na kuchomwa sindano mpaka bluu irudi.

Sista akauliza ni nani kati yetu atajifunza kupima. Nikamtazama mume wangu. Mimi ningevunja kile kichupa kabla ya kufika nyumbani, lakini yeye ndiye aliyeitwa na kijiji kizima kuchanganya mrututu, ile dawa ya bluu ya kunyunyizia kahawa ambayo Bwana Shamba alitufundisha. Mkono wake ulikuwa hautikisiki. Akashika kichupa, akahesabu matone, na sista akasema kwamba amefaulu, akampa kichupa na akiba ya yale maji ya bluu. Alirudi nyumbani ameinua kidevu kama mtu aliyepewa cheo.

Sasa mjue, kule Umeruni mimba haitajwi. Unaiona, unanyamaza, unaleta mtori. Na mwanamume kumweleza mama yake habari za mkojo wa mke wake, hilo halikuwa na hata maneno ya kulisemea. Juu ya hayo nilimwapisha asimwambie mtu, kwa maana baada ya msiba ule ndimi zilikuwa zimeshaanza kuwashwa kuhusu tumbo langu.

Haikupita wiki mama mkwe akamfuma. Aliingia jikoni bila hodi, akamkuta mwanawe amechuchumaa, kopo linachemka, ndani ya kopo kichupa, ndani ya kichupa maji ya bluu.

“Baba, unapika nini?”

Mume wangu, ambaye hajui kudanganya hata mbuzi, akasema, “Dawa ya kahawa, mama.”

Mama mkwe aliinama akaangalia. Rangi aliijua, maana kahawa alikuwa nayo kabla Bwana Shamba hajaota ndevu. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaniwekea bakuli langu, akatoka. Nilimwambia mume wangu kwamba ametuponza. Akasema dawa ya kahawa ni maneno tu, yatapita.

Hayakupita. Mwaka ule mvua ilinyesha ilivyotakiwa na kahawa yetu ikazaa mpaka matawi yakainama. Ya majirani nayo ilizaa, lakini nani huangalia yake? Jirani yetu wa juu alikuwa ameniona alfajiri nikitoka nyuma ya nyumba na kopo, na akamwona mume wangu akilipokea kwa mikono miwili. Aliposikia kwa mama mkwe kwamba ndani inapikwa dawa ya kahawa, akajumlisha mwenyewe. Jioni moja alikuja, akakaa, akauliza habari za ng'ombe, habari za mfereji, habari za chama cha ushirika. Mwisho akakohoa.

“Jirani, kila mtu na siri zake, sikatai. Nauliza tu. Ile dawa, ni lazima mke awe mjamzito, au hata huyu wangu alivyo anafaa?”

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikaziba mdomo kwa khanga. Mume wangu akatafakari kwa muda mrefu, kama Bwana Shamba mwenyewe.

“Lazima awe mjamzito,” akasema.

Jirani alishukuru, akaondoka na mawazo mengi. Msimu uliofuata mkewe alianza kuvaa magauni mapana, na zaidi ya hapo sisemi.

Shida yangu haikuwa jirani, ilikuwa bakuli. Kila siku mama mkwe alivuka mfereji na kitu cha utamu, na kumkatalia mama mkwe chakula chake ni kumwambia kwamba unamshuku. Sikuwa na ujasiri huo. Kwa hiyo nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante mama, naye akigeuka tu nilimpelekea mume wangu, akala. Alikula mtori wangu, alikula ndizi zangu, alilamba asali yangu mpaka chini. Mimi nilishinda kwa mboga chungu ya mnafu na maharage, nikimtazama akitafuna, na kuna siku nilitamani kumpiga kwa mwiko. Nilikuwa na njaa ya utamu ambayo sijawahi kuisikia tena. Niliota ndizi. Lakini kila asubuhi maji yalibaki bluu, au kijani cha mbali, na tulitazamana pale kwenye moshi, tumefurahi kama watoto.

Mume wangu akanenepa. Mkanda ulihama tundu, ukahama tena, mwisho akaanza kufunga suruali kwa kamba ya mgomba. Mama mkwe alimzunguka akimkagua.

“Chakula nampa mkamwana,” akasema, “mbona anayenona ni huyu?”

Hapo akaanza kunishuku kwa haki. Siku moja mume wangu alishuka ushirika kupima kahawa, na mama mkwe akaja na bakuli, lakini mara hii hakugeuka. Alikaa kwenye kigoda mbele yangu, akakunja mikono. Ndani yalikuwa maziwa yale yale ya ndizi mbivu na asali. Alisema, “Kula, mwanangu, nikuone.” Nilijaribu kusema nitakula baadaye. Akasema ana muda. Nikamtazama uso, nikaona hofu imejaa ndani yake, ile ya mtu aliyewahi kumfunga mjukuu kwenye shuka. Nikanywa bakuli lote. Nasema ukweli, lilikuwa tamu sana, na nilikunywa huku nikilia.

Asubuhi maji hayakusimama kwenye bluu. Yalipita kijani, yakapita manjano, yakawa chungwa, na chini ya kichupa pakatuama wekundu wa tofali. Mume wangu alikiweka kichupa chini kwa mikono miwili. Akasema tujiandae kushuka. Nikasema tutashuka, lakini kwanza aniitie mama yake.

“Utamwambiaje?”

“Kwa mdomo.”

Mama mkwe alikuja mbio, akidhani uchungu umeanza. Nilimshikia kile kichupa mbele ya macho, na nikasema mambo yote yasiyosemwa, moja baada ya lingine, bila kuyavisha nguo. Nikasema hii si dawa ya kahawa, ni mkojo wangu. Nikasema nina mimba. Nikasema mwili wangu unashindwa na sukari, na sukari inamnenepesha mtoto mpaka afe, na kwamba jana, kabla ya bakuli lake, kichupa kilikuwa bluu. Mume wangu alikuwa ameshatoka nje kwa aibu, anaiongelesha migomba.

Mama mkwe alikishika kichupa. Alikaa nacho muda mrefu, akikigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

“Na yule wa kwanza? Ni mimi niliyekulisha.”

Sikutegemea hilo. Hasira yote niliyokuja nayo ikanitoka, nikakaa chini karibu naye kwenye majivu. Nikamwambia sista ameshindwa kuapa, na mimi siapi. Nikamwambia ugonjwa uko kwenye mwili wangu, haukutoka kwenye bakuli lake, na kwamba hakuna aliyejua, si yeye wala mimi. Nikamwambia katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kunilisha kama yeye. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya khanga, akasimama. Akauliza kama tunashuka hospitali au tunasubiri kichupa kitushushe.

Nililazwa siku chache, sista akanipa maneno ya kutosha kujaza waraka wa Paulo, na nilipoonekana bluu tena akaniruhusu. Tangu siku hiyo mume wangu hakuwa na jiko lake peke yake. Mama mkwe alivuka mfereji kila alfajiri, akachuchumaa upande wa pili wa mafiga, na kabla ya shikamoo kuitikiwa alikuwa ameshauliza rangi. Mnafu aliuchuma mwenyewe. Ndizi zikiiva alizigawa kwa majirani nisizione. Jirani wa juu alipomuuliza kwa nini naye siku hizi anashinda kwenye ile dawa, alimwambia kwamba kahawa ya mwaka huu ni ya kuangaliwa na watu wawili.

Nilijifungulia hospitali, mchana, mvua ikinyesha. Mtoto wa kike, wa kadiri, si mkubwa si mdogo, na alilia. Alilia kwa hasira hata sista akasema amechukua kwa mama yake. Mimi nilikuwa nasikiliza kile kilio.

Kesho yake mama mkwe alifika akiwa amelowa, na bakuli amelifunika kwa jani la mgomba. Nilisikia harufu tangu mlangoni: maziwa, ndizi mbivu, asali. Alimwangalia mjukuu kwa muda, akamgusa mguu, kisha akageuka kwa mwanawe.

“Baba, pika kwanza.”

Sista alimkopesha mume wangu taa ya spiriti. Wanawake wa wodi nzima waliinuka juu ya viwiko kumtazama mwanamume akichemsha. Maji yalichemka, yakachemka tena, na yakabaki bluu. Alimpelekea mama yake kichupa. Mama mkwe alikitazama kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama tena kwa jicho moja, akamrudishia.

Ndipo akakaa kitandani kwangu, akafunua bakuli, akachota kijiko kimoja kilichojaa, na kukileta mdomoni mwangu kwa mkono wake mwenyewe. “Sasa kula, mwanangu,” akasema.