Uso wa Mama Shekinah na ndoo ya klorini

Saa mbili asubuhi, jua la soko la Bulengera, mjini Butembo, tayari linachoma. Rébecca Kavugho anaburuta meza yake ya viazi kufuata kivuli cha ukuta, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Mashavu yake ni mekundu, yana vigaga. Mteja anamtazama usoni, kisha ghafla anakumbuka kwamba ana haraka.

Hatua tatu kutoka hapo kuna ndoo ya maji ya klorini. Kanyere, jirani yake wa meza, aliiweka hapo wiki mbili zilizopita. Tangu enzi za Ebola, ndoo ikionekana Butembo hakuna anayeuliza. Watu wanakaa mbali.

"Kanyere ananawa kila akinisalimia," anasema Rébecca, ambaye soko zima linamwita Mama Shekinah.

Rébecca ana ualbino. Miaka sita iliyopita kaka yake mkubwa, Phinées, ambaye yeye humwita yaya, alimpa figo moja, akapandikizwa India. Tangu hapo anameza vidonge kila siku ili mwili usiikatae. Vidonge hivyo hivyo vinapunguza kinga yake, na juani ngozi inabaki bila mlinzi. Mwaka jana madoa magumu yaliota mashavuni na kwenye sikio la kushoto.

Daktari wa ngozi alimpa krimu: mara mbili kwa siku, wiki nne, iunguze madoa kabla hayajawa saratani. Alimwonya kwamba uso utawaka. Asiache.

Siku ya tisa aliacha.

"Nilisikia banasema bataita batu ya riposte, bale ba kupambana na Ebola. Niliwaza batanifungia na batoto. Donc nikanawa uso na ile klorini, mbele ya bote, baone niko safi."

Uso ulivimba. Siku nne hakupaka kitu. Daktari alipomwona, alikawia kwenye sikio: doa lilikuwa limenenepa. Akamwambia arudie krimu, amalize wiki zake. Doa likibaki, atalikata na kulipima.

"Mais Mama Shekinah, ungeniambia!" Kanyere anadakia.

"Ningekuambia nini, na ulisha simama na ndoo?"

Kanyere anacheka kidogo, kisha anaangalia chini. "Kwetu balikufa batatu, na Ebola."

Ndoo bado ipo.

Zimebaki siku kumi na mbili. Asubuhi Rébecca anapaka nyumbani, binti yake akishika kioo, na wote wawili wanalitazama sikio kwanza. Akimaliza wiki zake, anataka kuhamia meza yenye bati juu, jua lisimpate.

"Niko naogopa sana," anasema. "Mais yaya Phinées alinipa figo yake. Sasa nikufe na sikio? Hapana."