Mafiga Yaliyobaki Mtoni

Mwaka ambao mto ulichukua choo cha mama, niliamua kwamba mama atahama, apende asipende. Habari alinipa kaka yangu kwa simu, nikiwa kibandani kwangu Tunduma, nimezungukwa na wateja wa mchele kutoka upande wa pili wa mpaka, wale ambao huwapimii bakuli moja bila kudaiwa mbasela, yaani nyongeza ya bure. Kaka alisema ukingo umemeguka asubuhi na choo kimekwenda na maji, ila hakukuwa na mtu ndani. Nikamuuliza mama anasemaje. Akasema mama anacheka, anadai choo kimetangulia kwenda kumwandalia mahali. Mimi sikucheka. Nilimpimia mteja bakuli mbili badala ya moja na sikugundua mpaka alipokwisha kuondoka.

Hasira zangu ziko karibu, sijifichi. Kesho yake nilimwachia jirani kibanda, nikapanda gari la Ndalambo, na kutoka pale nikachukua pikipiki. Mbele ya Ndalambo barabara huacha baridi ya juu na kuanza kuteremka kwenye joto la bonde, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Yule kijana wa pikipiki alidhani namsemesha yeye, akawa anaitikia tu.

Bonde letu ni la mpunga. Mto ukifurika huacha tope jeusi, na tope hilo ndilo lililotulisha na kutusomesha, kwa hiyo wazee walijenga nyumba zao kando ya maji bila wasiwasi. Nilipokuwa mdogo, ukingo wote ulikuwa matete na mikuyu. Mto ulipanda polepole, ukaingia kwenye matete, ukachoka humo, na ulipofika mashambani ulikuwa umeshapoa. Siku hizi mvua zinachelewa mpaka watu wanaanza kuangaliana kanisani, halafu zinakuja zote kwa pamoja. Na matete nayo hayapo. Tuliyafyeka sisi wenyewe, kila familia kipande chake, kwa sababu udongo wa ukingoni unashika unyevu hata kiangazi na mchicha wake hauna mfano.

Wataalamu walikuja wakatuambia tusilime ndani ya mita sitini kutoka mtoni, wakachomeka nguzo. Watu waliitikia vizuri, wakawapikia kuku. Wageni walipoondoka, kila mtu akapima upya mita zake kwa hatua za mtoto anayejifunza kutembea, na nguzo zikafungiwa mbuzi. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Namsema kwa sababu ni kaka yangu na mchicha wake niliula.

Nilimkuta mama anafagia. Nyuma ya jiko lake, upande wa mtoni, ndipo alipozikwa baba, na kila asubuhi mama alifagia kaburi lile, kisha akafagia kipande cha ardhi kilichokuwa kando yake. Kipande hicho kilikuwa chake. Alikwisha kutuonyesha zamani, mimi na kaka, akasema yeye atalala pale, upande wa kushoto, kama alivyokuwa akilala siku zote. Alikifagia kwa utulivu wa mtu anayepanga chumba chake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimezoea kumwona hivyo tangu baba alipofariki.

Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za wajukuu. Kisha nikaanza. Nilimwambia kwamba kaka ameshajenga nyumba kule juu karibu na shule, bati jipya, mlango unafungika, anasubiriwa yeye tu. Nilimwambia akufukuzaye hakwambii toka, na mto umeanza kumfukuza kwa kumchukulia choo, unataka umchukulie nini tena ndipo aelewe? Alisema huko juu ni mawe matupu. Alisema hawezi kumwacha mzee peke yake. Hapo nikasema neno ambalo bado linaniuma, kwamba mto hauna habari na mzee, utamchimbua na kumpeleka ziwani Rukwa pamoja na magogo.

Mama aliuegemeza ufagio ukutani, akaenda mpaka pale ukingo ulipomegukia, akasimama. Alitazama maji, akageuka kutazama kaburi, akarudia tena. Halikuwa mbali. Aliporudi alisema atahama baada ya mavuno, kabla mvua hazijaanza, lakini nyumba yake ataifunga mwenyewe kwa namna yake. Tulifurahi sana, mimi na kaka. Wala hatukumuuliza kufunga ni kufanyaje.

Kwetu, mtu akihama, mafiga hutangulia. Yale mawe matatu ya jikoni hupakiwa kwenye mzigo wa kwanza, na siku hiyohiyo moto huwashwa juu yake kwenye nyumba mpya. Yakishaondoka, pale ulipotoka panabaki ardhi tu, na yeyote wa ukoo anaweza kuingia na jembe. Ndivyo tulivyofanya mimi na mume wangu tulipohama chumba cha kupanga, ingawa tulikuwa tunapikia mkaa. Mama alituletea mawe kutoka kwake, tukayaweka uvunguni.

Siku ya kuhama, kaka aliazima pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, na tela lake. Mama alitangulia kwa pikipiki na kuku wake kwenye tenga. Sisi tukabaki kupakia vitanda, masufuria na gunia la mpunga. Nilipoingia jikoni kuangalia kama kuna kilichosahauliwa, nikayaona mafiga yapo palepale, meusi, majivu yamezolewa na sakafu imefagiwa vizuri. Nikamwita kaka aje aone. Tukacheka, tukasema mama kweli amezeeka, kasahau hata mafiga, na sisi tulioambiwa hatujui mila ndio tunaokumbuka. Tuliyabeba kwa heshima zote, tukayapanga mbele kabisa ya tela. Njia nzima nilikuwa najiona binti mwema.

Mama alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba mpya, miguu ameinyoosha. Nilimwonyesha mawe kabla hata sijateremka. Nilitegemea anishukuru. Aliyatazama, na uso wake ukabadilika, nikadhani anaumwa.

"Yarudisheni," alisema.

Nikamweleza kwamba aliyasahau, kwamba hakuna neno, tumemletea.

"Sikuyasahau. Nimeyaacha."

Kaka alielewa kabla yangu. Alikuwa ameshika figa moja mikononi, akaliweka chini taratibu. Na mimi nikakumbuka jambo nililolisikia utotoni na kulisahau kama hadithi za kutishia watoto. Mafiga yakiachwa mahali pake, nyumba inakuwa imeachiwa waliolala chini yake. Panakuwa mahame. Hapalimwi, hapachimbwi, hapakatwi mti, hapaokotwi kuni. Juu kidogo ya kwetu kulikuwa na mahame kama hayo, ya familia iliyokwisha kabisa kwa maradhi kabla sijazaliwa. Tukitumwa maji tulipita pale mbio. Palikuwa kichaka tupu cha matete na mikuyu, na nilipofikiri vizuri siku ile, nikiwa nimesimama kando ya tela, nikaona kwamba hapo ndipo mahali pekee ambapo ukingo haukuwahi kumeguka.

"Mama, lile ndilo shamba langu," kaka alisema.

Nilimwonea huruma. Alikuwa ameshapanga kulima pale paliposimama nyumba mpaka majini, udongo uliolala miaka yote chini ya takataka za jikoni na samadi ya kuku. Alikuwa na watoto wa kusomesha. Hakuna aliyekuwa na haki zaidi yake.

Mama hakumfokea. Alimwita karibu, akamkalisha, akamwambia kwamba nguzo za wataalamu kila mtu amezizunguka, na yeye kaka pia, na hamlaumu kwa sababu njaa haisomi mabango. "Lakini hakuna mtu wa bonde hili atakayevuka mafiga," alisema. "Ukipalima wewe, mto utapala, na baba yako ndani yake. Nikimwachia yeye, matete yatarudi."

Kaka alikwaruza tope kwenye kiatu mpaka likaisha. Kisha akainuka, akawasha pawatila. Tulirudi mpaka chini. Duara jeusi la moto lilikuwa bado linaonekana sakafuni, kwa hiyo hatukukosea kuyapanga. Nilipoliweka figa la mwisho nililia, na sikujua hasa namlilia nani, baba au shamba au ile nyumba niliyozaliwa. Kaka alinisubiri nje.

Kule juu mama aliokota mawe mapya mlimani. Siku ya kwanza moja lilipasuka kwa moto na wali wote ukamwagika. Nilikuwa nimemletea jiko la gesi, akaliweka kabatini na kulifunika kitambaa cha kufuma. Alisema ni zuri sana, atalitumia wageni wakija.

Maneno yalikuwepo. Wengine walisema mama amefanya mambo ya giza, na mwenyekiti wa kitongoji alikuja kumuuliza kama ni kweli ameacha mafiga. Alimjibu ni kweli, akamkaribisha uji. Baada ya hapo hakuna jembe lililoingia pale. Jirani zetu wawili, wenye makaburi yao ukingoni, nao walipohamia juu waliyaacha ya kwao. Siwezi kusema bonde zima lilifuata. Wapo wanaolima mpaka majini hadi leo, na mchicha wao nauona sokoni Vwawa, mzuri kama zamani.

Mvua zilizofuata zilichelewa, halafu zikamwagika. Nilikuwa Tunduma, simu ya kaka haipatikani, na niliwapimia watu mchele huku roho iko kwingine. Maji yalipopungua nikashuka bondeni. Tulikwenda kuangalia pamoja, mimi, kaka na mama, yeye akitangulia na fimbo yake.

Shamba la kaka lililopakana na mahame lilikuwa limeliwa kipande kirefu, mpunga umelala kwenye tope. Mbele yake, matete yalikuwa yameota kunizidi kimo, yamekamata magogo, majani, na ndoo ya mtu fulani wa juu huko. Hatukuingia ndani. Tulisimama pembeni, mama akayasogeza matete kwa fimbo, tukaona msalaba wa baba umesimama, umeinama kidogo tu. Ukuta wa jiko ulikuwa umeanguka. Mafiga yalikuwepo.

Nilisikia furaha kubwa, ile inayokufanya useme bila kufikiri. Kaka alikuwa anatazama mpunga wake ulioharibika, halafu anatazama matete, na nilijua mwakani hatalima mpaka majini, hata kama hakusema. Nikamshika mama mkono. Nikamwambia ameshinda, mzee yupo salama, na siku ya Mungu ikifika, naye atakuja kupumzika pale pale upande wake wa kushoto, hakuna mto utakaomgusa.

Mama aliyaachia matete, yakajifunga.

"Mahame hayachimbwi, mwanangu," alisema.

Sikuelewa mara moja. Kaka alielewa, maana aliondoka akatembea hatua chache kutoka kwetu, akasimama akitupa mgongo. Hapalimwi, hapakatwi mti, hapachimbwi. Nilikuwa nimeyajua maneno yote hayo tangu utotoni, na katika kuhangaika na mawe na shamba na udongo wa kaka, sikuwahi kufikiria kwamba kuchimba ni pamoja na kaburi. Mama alilijua siku ile aliposimama ukingoni akitazama maji, kisha kaburi, kisha maji tena. Alijua wakati anafagia sakafu ya jiko mara ya mwisho.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alisema tungebishana.

Tulipanda kurudi juu polepole, kwa mwendo wake. Nyuma ya nyumba mpya, karibu na uzio wa shule, alinionyesha sehemu ambayo nilikuwa nimeipita mara nyingi bila kuiona. Ni ardhi ya kokoto, hata nyasi zake zina shida. Ilikuwa imefagiwa.

"Nitalala hapa," alisema. "Pagumu. Vijana watanisema sana siku hiyo."

Akaingia ndani kubandika wali.