Baiskeli Fupi ya Fundi Geti

"Hivi Mama Pindo, ile baiskeli anayoiunda mzee wako, unamjua atakayeipanda?"

Swali hilo jirani alimtupia juu ya ukuta wa uani, mikono yake bado ina mapovu ya sabuni. Mtaa mzima ulimwita jirani huyo Redio, maana habari kwake hazilali. Mama Pindo, aliyepata jina lake kwa kukunja mapindo ya suruali za watu tangu ujana, alijibu bila kuinua uso kwamba ni mumewe, nani mwingine. Redio akachekea puani. Alisema alipita karibu na banda la mzee, turubai la kufunikia kazi likiwa limeteleza, na macho yake bado ni mazima: baiskeli ile ni fupi. Na mume mwenyewe, Fundi Geti, Mungu alivyomjalia urefu, akisimama kando ya nguzo ya umeme wanaweza kunong'onezana.

"Mimi simo," akamalizia. "Nimeuliza tu."

Neno lile likaenda kukaa kifuani mwa Mama Pindo kama sindano iliyosahauliwa kwenye nguo. Ukitulia huisikii. Ukigeuka tu, inakuchoma.

Fundi Geti maisha yake yote alikuwa mtu wa mageti na nondo za madirisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye baiskeli. Mkewe alimwona mara ya kwanza kwenye mashindano, akiwa wa mwisho kabisa, tairi limepasuka, baiskeli ameibeba begani, na anacheka kama mshindi. Siku zile alikuwa akisema iko siku ataunda yake mwenyewe kwa mikono yake. Basi wakaja watoto, ikaja kodi, yakaja mageti ya watu. Watoto walipokwisha kuota mbawa na kuondoka, ndipo alipoleta nyumbani mabomba membamba ya chuma na kuyaegemeza bandani.

Aliyakata taratibu. Ncha zake alizitia tupa mpaka zikaumana bila kupitisha mwanga, kisha akaziunga kwa shaba na moto mdogo, kwa kuwa alisema geti linataka nguvu, baiskeli inataka huruma. Vifaa alitaka vya zamani tu. Breki alizifukua kwa muuza vyuma chakavu, akazisugua hadi zikarudisha sura. Vijiti vya gia vilikuwa vile vya kukaa kwenye bomba, vya kusukumwa kwa kidole. Kiti cha ngozi kilikuja kikavu kama mkate wa juzi, naye akawa anakipaka mafuta kila asubuhi kama mtoto mchanga. Gololi aliziosha kwa mafuta ya taa kwenye bakuli ambalo mkewe hakulitaka tena jikoni.

Mwanzoni Mama Pindo alifurahi. Ila alianza kuona kitu. Kila akiingia bandani na chai, mumewe huvuta turubai juu ya kazi yake, haraka haraka, kama mtu aliyekutwa hajavaa. Akiulizwa, hujibu kwamba chungu kinachochunguliwa hakiivi. Na turubai lenyewe alilishona yeye, Mama Pindo, kwa mkono wake. Alipokumbuka swali la Redio, akajisemea: kikulacho ki nguoni mwako.

Siku mumewe alipokwenda kufunga geti mtaa wa pili, Mama Pindo aliomba Mungu amsamehe kwanza, ndipo akaingia bandani. Alifunua turubai. Fremu ilikuwa nzuri, ya buluu, viungo vyake laini kama vidole. Akavua futi shingoni, akapima kutoka kwenye kiti hadi kwenye pedeli ya kulia, iliyokuwa imeshuka chini. Akapima tena. Redio hakusema uongo. Vipimo vya mumewe Mama Pindo alikuwa navyo kichwani tangu suruali ya harusi, na hakuwahi kuhitaji kumpima tena. Kiuno tu ndicho alichokuwa akikiongeza kwa macho. Mguu ule wa harusi kwenye baiskeli hii ungebaki umekunjwa kama wa panzi.

Baiskeli hii ilikuwa ya mguu wa mtu mfupi. Na fundi cherehani hasahau miguu. Kipimo kilekile alikuwa amekiandika kwa chaki mezani pake wiki ileile, kwa ajili ya suruali mbili nyeupe za kazini, za nesi wa zahanati.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nesi alikuwa mama mjane, mcheshi, mwenye mikono safi. Mama Pindo alijikemea kwamba dhana mbaya ni dhambi. Lakini jioni Redio akaja kuazima chumvi, na pamoja na chumvi akaacha habari: mzee ameonekana akitokea mlango wa nyuma wa zahanati, na si mara ya kwanza, na anatembea pole pole kama mtu asiyetaka nyayo zake zisikike.

Sala za Mama Pindo zikaharibika. Akifumba macho kumwomba Mola, futi inapita mbele yake na namba zake zote. Alipokuwa akishona zile suruali nyeupe, shetani alimshauri azibane kidogo makalioni, ili mwenyewe akiinama zifumuke mbele ya wagonjwa. Alizishona sawasawa, ila kwa shida. Nesi alipokuja kuzichukua, Mama Pindo alimuuliza, sauti ikiwa chini, mumewe hufuata nini kule nyuma. Nesi akakunja suruali zake polepole.

"Hilo, dada yangu, muulize mwenyewe."

Mtu asiye na kosa, aliwaza Mama Pindo, angecheka.

Hakumuuliza mtu tena. Alimngoja mumewe. Jumamosi asubuhi Fundi Geti aliondoa turubai mwenyewe, akaitoa baiskeli uani, akaiegemeza ukutani. Jua lilipoipiga ikang'aa, na upande wa pili wa ukuta ndoo ya Redio ikaacha kulia. Mama Pindo alitoka na futi shingoni.

"Baba, hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Usinichezee. Nimeipima. Hii ni ya nesi."

Mzee alimtazama mkewe kama aliyesikia lugha ngeni. Alitaka kucheka, akaona mkewe anavyoivuta futi kwa mikono miwili, akaacha. Alisema tu kwamba kama ni ya nesi, basi aiangalie na pedeli ya kushoto.

Mama Pindo aliinama. Juu ya pedeli ya kushoto palifungwa kipande cha mpira mweusi wa tairi, kinene kama vidole viwili, kimekatwa kwa kisu na kukazwa kwa skrubu. Ya kulia haikuwa na kitu. Akaifikiria miguu ya nesi: yote miwili sawa, aliipima mwenyewe. Ndipo macho yake yakashuka kwenye viatu vya mumewe. Vile viatu ambavyo siku hizi alikuwa akivivua nje mwenyewe na kuviweka juu ya rafu, asitake viguswe.

"Vua viatu," alisema.

Mzee akaketi, akavivua. Ndani ya kile cha kushoto kulikuwa na kipande cha mpira uleule. Aliposimama bila viatu, kisigino cha kushoto kikaelea juu ya sakafu.

Mama Pindo alipiga magoti, akampima, mara ya kwanza tangu suruali ya harusi. Kulia. Kushoto. Akarudia kushoto. Fundi Geti alieleza huku akitazama pembeni: nyonga ya kushoto imesagika na mguu umefupika, haupandi tena kuvuka baiskeli ndefu, ndiyo maana akaiunda fupi, kiti chini, miguu yote ifike ardhini. Nesi alimwambia kuendesha baiskeli kutaubeba mguu vizuri kuliko kutembea. Alimwomba nesi amfichie. Fundi anayechechemea hakuna atakayempandisha ngazi, na mke mwenye jicho la futi angeona fremu tu akajua yote, kisha akamkalisha ndani kama chungu cha maua.

"Na mlango wa nyuma?"

"Mbele anakaa Redio, anauza maandazi."

Upande wa pili wa ukuta kukasikika mtu akikohoa. Mama Pindo hakucheka. Alibaki ameshika futi, akimpima mumewe kwa macho, juu hadi chini, akijiuliza ni kitu gani kingine kimefupika humo ndani bila yeye kuambiwa. Suruali zake zote alikuwa amezikunja pindo sawa, kushoto na kulia, na mzee amezivaa hivyo hivyo, kimya, akiburuta moja chini.

Alisema suruali zile zitafumuliwa leo, hata moja isibaki. Mzee akaitikia. Akavaa viatu vyake, akaisogeza baiskeli mbali na ukuta, akapitisha mguu polepole juu ya bomba, akashika usukani. Hakumtazama Redio, ambaye sasa kichwa chake chote kilikuwa juu ya ukuta. Alimtazama mkewe.

"Nishikie kiti," alisema. "Usiniachie mpaka nikwambie."