Mguu nje, mpira ndani

Ijumaa, huku ugenini Firq. Leo ni miaka mitatu na miezi miwili tangu niondoke Tanga.

Jamani, likizo yangu nimeiharibu mwenyewe, kwa kitambaa cha njano.

Tajiri wangu, ninayemchanganyia zege, hucheza mpira wa Kimarekani na wenzake. Mistari naichora mimi, basi na urefa wa pembeni wakanipa mimi. Kanuni nimezisoma kwenye simu.

Tajiri akapiga mpira wa kuanzia. Ukabiringika kandokando ya mstari, bado uko ndani. Mpokeaji akakanyaga nje kwa mguu mmoja, makusudi, akaudaka.

Nikarusha kitambaa cha njano, alama ya kosa. Kosa la mpigaji, maana mpira wa kuanzia hauruhusiwi kutoka nje.

"Weye bwana, mguu wake ndio uliotoka. Mpira wangu ulikuwa ndani."

"Kweli, tajiri. Lakini akiugusa akiwa nje, mpira unahesabiwa umetoka, na aliyeutoa ni aliyeupiga."

Wenzake wakacheka. "Leo umesomeshwa sheria na mtu wa zege."

Yeye hakucheka. Tulipokuwa tunaondoka akaniambia, "Ile likizo yako ya mwezi ujao, tutaiangalia tena."

Niambieni, ningenyamaza?

Mwambieni mama asiningoje mwezi ujao. Nategemea Idi Kubwa, ya mwaka kesho.