Mishumaa ya Kumwombea Ambrosi

Paskalina wa Igowole alikuwa amechoka, tena uchovu ule ambao kulala hakuuondoi. Miaka ishirini akichemsha masega, akichuja nta kwa gunia, akichovya tambi ili Wakristo wenzake wapate mishumaa. Halafu mwaka 1954 mwanawe Ambrosi akafia mgodini Chunya, akazikwa kabla barua haijamfikia mama. Padre wa huko aliahidi kumsomea misa mwezi wa Oktoba. Paskalina akasema sanda hakumvika, basi walau atamwashia mwanga wa mkono wake mwenyewe.

Mishumaa sita aliitengeneza mwezi wa Julai. Baridi ya Igowole haina adabu. Nta tupu hupasuka. Kwa hiyo akachanganya mafuta ya ng'ombe kuilainisha, kama wafanyavyo wote kwao. Ikatoka imenyooka, migumu. Oktoba ilipofika akaifunga kwenye khanga, akapanda lori pale Nyololo kwenda Chunya.

Masikini, joto la Chunya alilijulia wapi? Siku tatu za jua na vumbi, na alipofungua khanga akakuta donge moja, tambi zimejikunja ndani. Akaketi chini, hata kulia hakuweza.

Mwenyeji wake, Matilda, akamshauri wanunue mishumaa dukani kwa Halfani.

“Ya dukani haimjui Ambrosi,” Paskalina akajibu.

Akainuka, akabandika sufuria ya maji, akaweka donge kwenye kopo ndani yake. Maji yalichemka, akayaongeza mara mbili. Yalipanda mvuke yakaenda zao, nani atayarudisha? Nta haikwenda popote. Iliyeyuka tu, ikangoja chombo. Kusimama peke yake isingeweza tena kwa joto lile, hilo alikwisha kulijua. Basi akakitoa kikombe cha bati cha Ambrosi, kitu pekee alichokabidhiwa na wenzake wa mgodini. Akasimamisha utambi katikati, akamimina, akangoja igande.

Kwenye misa alikishika mwenyewe. Nta ikayeyuka yote, lakini kikombe kiliizuia na moto haukuzimika. Padre akamwonyesha kwa ishara akiweke chini, asije akaungua.

“Niache, baba,” akasema. “Nimetoka mbali.”

Bati likapata joto viganjani mwake, kama vile Ambrosi ndiyo kwanza amalize chai yake. Hapo Paskalina akalia, mara ya kwanza tangu ile barua.