Kwani Lazima Tuanzie Chini?

Kwaya yetu ya Kaloleni nimeifundisha tangu nikiwa na meno yote. Kila Jumamosi, kabla mtu hajafungua kitabu, tulipanda ngazi ya sauti: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Chini kwenda juu. Hakuna aliyeniuliza sababu, na mimi sikujiuliza. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na chati iliyobandikwa ukutani kando ya kinanda ina do ya chini kwanza.

Mwaka jana ndipo mtu akauliza. Ni mama mmoja wa mtaa wa Obunga anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwanda vikishaondoa minofu. Alikuwa ameimba nasi miaka minne, sauti ya kwanza. Siku hiyo nilikuwa nawapima mmoja mmoja mbele ya wenzao, anayepimwa amevaa joho, nijue nani atavaa joho Pasaka, kwa maana waimbaji walikuwa wengi na majoho machache. Alipanda vizuri hadi so. Kwenye la, sauti ikapasuka. Nikamwanzisha upya, ikapasuka palepale.

"Mwalimu," akasema, "kwani lazima tuanzie chini? Wacha nianzie juu nishuke."

Watu wakacheka. Hasira zangu ziko karibu, hilo nalikubali, na niliona ananifanyia mchezo mbele ya wanafunzi wangu.

"Wewe umeona wapi nyumba ikianzwa na paa? Ngazi hupandwa! Vua hilo joho, apewe mwingine."

Akalivua. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kinanda, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Swali lake ndilo halikuondoka. Majibu nilikuwa nayo tele. Tunahesabu kuanzia moja. Kinanda kinaanzia kushoto, na kushoto ndiko chini. Sauti ya chini iko karibu na ile ya kuongea, kwa hiyo mgeni hatishiki. Halafu kupanda kuna utamu wake: kila mtu anajua do ya juu inakuja, anaingoja, na ikifika anajiona naye amefika. Yote kweli. Lakini hakuna hata moja lililosema lazima. Na matangani nimekaa mara ngapi? Mama anayelia hapandi. Kilio chake hutoka juu na kuteremka hadi pumzi iishe. Mtoto akimwita nyanyake kutoka ng'ambo ya barabara, naye ni vivyo hivyo. Sasa hao nani aliwafundisha?

Pasaka ilifika, tukaimba, na sauti ya kwanza ikawa chai isiyo na majani. Nilijua pengo ni la nani. Kumfuata ndiko kulikonishinda, maana niliona haya, na haya yangu niliiita kazi nyingi.

Wiki chache baadaye nilikwenda Obunga kumjulia hali mwimbaji wetu mmoja aliyekuwa mgonjwa. Njiani nikasikia mtu akimwita mwenye mkokoteni wa maji. "Majiii!" Sauti ilianzia kule ambako soprano zangu hufika zikiwa zimekunja uso, ikateremka hadi chini kabisa bila mkwaruzo. Nikasimama. Alikuwa yeye, amenipa mgongo, mbele ya karai la mafuta. Akaendelea na kazi yake huku akiimba wimbo wetu wa shukrani, ule unaoanza na do ya juu na kushuka. Noti ya la ilipita safi, naye wala hakuishughulikia.

Nikaelewa pale pale barabarani. Akianzia chini, anabeba sauti nzito ya kifua na kupanda nayo hadi inamshinda. Akianzia juu, anaanza na ile nyepesi, na hiyo humfikisha popote. Alikuwa ameniambia mwenyewe, kwa kinywa chake, nikamjibu habari za paa. Aibu niliyoisikia siku ile sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana.

"Karibu, Mwalimu," akasema alipogeuka. "Nikufungie?"

"Nimekuja kukuambia nilikosea. Sauti yako haina kasoro. Rudi kwaya, tafadhali."

Akapangusa mikono kwenye leso, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mimi najua haina kasoro. Lakini yawa, Mwalimu! Ulinivua joho mbele ya kwaya nzima. Sasa unakuja kuniomba msamaha hapa, mbele ya nani? Mbele ya samaki?"

Nikamwambia basi aje Jumamosi. Yeye akageukia karai lake.

Jumamosi nilichelewesha mazoezi makusudi, nikijifanya natafuta karatasi. Watu walishaanza kunung'unika alipotokea. Hakukaa. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mkoba bado begani. Nikafungua daftari nilimoandika maneno yangu, nikayasoma: kwamba nilimpima vibaya, kwamba nilimdharau mbele yao, kwamba namwomba arudi. Niliyasoma haraka, macho hayatoki kwenye karatasi.

"Mwalimu," akasema, "huku nyuma hatujasikia."

Kwaya ikaangua kicheko. Nikaliweka daftari juu ya kinanda, nikamtazama usoni, nikasema yote tena.