Tulivyokipaka kivuli pasipo pake kwenye vigae vya Mama Neema

Wakuu, salaam kwenu. Hili lilinikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Ni enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, hapa Songea. Mabati ya rangi yameanza kushuka kutoka Dar, na mimi na mwenzangu Otmari tunafyatua vigae vyekundu vya saruji. Wateja wakatukimbia. Vigae vyetu vilikuwa vyembamba, juu ya paa vinaonekana bapa tu.

Akabaki Mama Neema, mwalimu mstaafu. Alisema atatupa kazi kama paa litapendeza kuliko bati la jirani.

Otmari akaniambia, "Kaka, huyu akigoma mimi naenda Tunduru kwenye madini." Begi alishalifunga.

Nikabuni dizaini: kila kigae tukipake kivuli cheusi kwenye ukingo wa chini, kionekane kinene. Tulipovitandaza uani, aisee, vilipendeza! Nikajiona injinia.

Tukaezeka safu tatu za majaribio. Mama Neema akatoka, akaitikia shikamoo zetu huku macho yakiwa juu.

"Wanangu, mbona vimeungua kama maandazi?"

Niliona aibu, nikatamani nisishuke ngazi. Ila kilichoniwasha zaidi ni swali: kwa nini vilidanganya macho pale chini, halafu juu vikagoma?

Jibu lilikuwa kwenye jiko lake lililoezekwa kwa nyasi, hapo hapo uani. (Mimi nimezaliwa nyumba ya nyasi, kijijini Hanga, na sikuwahi kuliangalia paa lake.) Ncha za nyasi ziling'aa juani. Weusi ulikuwa chini yake, kwenye safu inayofuata.

Kumbe kivuli cha kigae hakikai kwenye kigae chenyewe, kinakiangukia cha chini yake!

Tukapaka vingine, tukaviezeka. Weusi unaanzia pale kigae cha juu kinapoishia, unafifia kadiri unavyoshuka. Ukingo tukauacha na wekundu wake.

Mama Neema akatoka tena, akatazama juu. Kisha: "Otmari, hebu niteremshie kimoja."

Akakigeuza, akapima unene kwa vidole.

"Ndivyo vile vile vyembamba?"

"Ndivyo, mama."

Akacheka sana. "Haya, ezekeni nyumba nzima."

Jioni ile Otmari alikwenda kufungua begi.

Somo nililopata: ukitaka kuiga kitu, kakitazame kwanza, hata kama umelala chini yake utoto wote.

Mafundi wa humu, ninyi rangi mnaichanganya kwenye saruji mbichi au mnapaka juu? Yetu imepauka siku nyingi. Lakini nikipita pale na bodaboda, bado namwomba dereva apunguze mwendo.